Mwaka Aliponenepa Mama

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua mafuta ya ufuta. Vidole vyangu navyo vimeanza ukaidi, asubuhi havitaki kukunjika, na binti yangu kaniambia, "Mama, nenda hospitali," nami nikamjibu nitakwenda, lakini kwanza nipite sokoni. Muuzaji akafungua chupa, akaninusisha. Ndani alikuwa katia kitunguu saumu kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi. Basi, wenzangu, pale pale katikati ya watu na mikokoteni, machozi yakanitoka, mimi mtu mzima na wajukuu wangu. Yule kijana akadhani mafuta yamenichoma macho, akanipa kitambaa. Nikamwambia, "Asante baba, funga." Ningemwambia nini? Kwamba hiyo ni harufu ya mikono ya mama yangu? Angeniona nimechanganyikiwa.

Ninyi mliokuwa watoto enzi za foleni mtanielewa. Hawa wa sasa ukiwaambia mche mmoja wa sabuni ulikatwa kwa uzi ukagawiwa nyumba nzima, wanacheka, wanadhani unawatungia hadithi. Tulikuwa tunakaa mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kushoto. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama, watu wa Lindi. Baba alikuwa Tanga kwa mke mdogo. Mwanzoni salamu zake zilitufikia kwa wasafiri, baadaye hata hizo zikakatika, na mama hakuzidai.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona kibarazani, mguu kwenye kanyagio, mdomoni kashika pini, na na pini hizo hizo mdomoni anazungumza na kila anayepita. Halafu ukaja ugonjwa. Ulianza na viganja, ukaenda vidoleni, ukashuka magotini. Baridi yabisi, walisema wakubwa, na kila mtu alikuwa na sababu yake: mmoja kasema ni sakafu ya saruji, mwingine kasema ni kuoga maji ya alfajiri, mwingine akanong'ona kwamba nguo ya mtu fulani ilishonwa na ubaya ndani yake. Vifundo vya vidole vikavimba kama tangawizi. Asubuhi mama hakuweza hata kufunga kanga. Alikuwa ananiita, "Zuhura, njoo unifunge," nami nilimfunga kanga, nikamfunga vifungo, nikamchana nywele. Niseme kweli, mimi nilipenda. Nilikuwa mtoto, nilidhani mama ameamua kuwa mdogo ili nami niwe mkubwa kidogo.

Mtu wetu mmoja tu katika ile nyumba, nasema mtu wetu hasa, alikuwa Mama Hidaya wa chumba kinachotazamana na chetu. Mrufiji, mdomo kama pilipili, moyo kama uwanja. Kila alasiri alikuja na kibakuli cha mafuta ya ufuta na kitunguu saumu, anamkalisha mama mkekani na kumchua kidole kimoja kimoja, huku akimtania.

"Shoga, vidole hivi vimejikunja kwa uchoyo. Vinataka kushika tu, kutoa havitaki."

"Ningekuwa na cha kutoa ningekupa kofi," mama anamjibu, na wote wawili wanacheka mpaka mama anasahau kugumia.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona tena mahali pengine. Kila mama alipika kwenye jiko lake, lakini chakula cha watoto kilimwagwa katika sinia moja, uani, kwenye mkeka. Mchuzi wa huyu unakutana na mchuzi wa yule. Aliyekuwa nacho alileta, asiyekuwa nacho alileta mtoto tu. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilikaa siku zote kati ya Hidaya na ukuta, na Hidaya alikuwa na tabia ya kula kwa pupa, nami nilikuwa na kazi ya kumpiga mkono.

Hatimaye mama akaenda hospitali, akapewa vidonge vidogo vyeupe. Haukupita muda, siku moja nikaamka nikamkuta amesimama dirishani, kanga kajifunga mwenyewe, kavaa, kajichana, anaimba. "Njoo uone, mwanangu," akasema, akakunja ngumi, akaikunjua. Mama alilia kwa furaha. Mimi nami nililia, ila mimi nililia kwa sababu nilijiona kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Alirudi kwenye cherehani. Na ndipo akaanza kunenepa.

Uso ndio ulioanza. Mashavu yakajaa, yakapanda mpaka macho yakawa madogo, shingo ikajaa nyuma. Uso wa mviringo kama andazi lililoiva vizuri. Mwanzoni watu walimsifu. "Mama Zuhura umenawiri!" "Mashaallah, umependeza!" Nami nikavimba kichwa. Kwetu sisi unene ulikuwa uzima, nani asiyejua? Mgonjwa hukonda, mzima hunenepa. Nilimwangalia mama nikahesabu kwamba kapona, na shuleni nilijigamba kwamba mama yangu ni mnene kuliko mama wa mtu yeyote.

Lakini mwaka ule ule vitu vikazidi kuadimika. Duka la kaya likawa linafunguliwa kwa bahati. Unga ulikuwa ule wa njano, na huo nao mpaka upange foleni toka alfajiri. Siku ukipata sukari, mafuta ya kula hakuna. Siku ukipata mafuta, sabuni hakuna. Redio ikilia, inalia walanguzi, walanguzi, wanaoficha bidhaa na kuwanyonya wananchi. Wanawake wa nyumba yetu wakakonda, mifupa ya shingo ikatokeza. Katikati yao akawa anapita mama yangu na uso wake kama mwezi.

"Mwenzetu unakula wapi, utuelekeze," Mama Hidaya akamwambia siku moja uani. Alisema kwa utani.

"Nakula unapokula wewe, shoga. Ni hivi vidonge."

"Vidonge!" akaguna. "Hivyo vidonge vyako vina samli?"

Wengine wakacheka. Mama akacheka pia, lakini yeye aliacha kucheka mapema.

Sasa, kuna jambo ambalo mama hakumwambia mtu, na mimi nimelijua nikiwa mtu mzima. Vidonge vile vinatia njaa. Njaa isiyo na adabu. Na mama hakuwa na cha kuituliza. Alinipakulia mimi, akabaki na sufuria, akaenda nyuma ya pazia kukwangua ukoko, akautafuna pole pole ili nisisikie. Siku moja Hidaya aliingia bila kubisha kuja kuniita tukacheze rede. Akachungulia nyuma ya pazia. Akamwona mama amempa mgongo, anatafuna. Hidaya hakuwa mbaya, jamani. Alikwenda kwao akasema alichokiona: Mama Zuhura anakula kwa kujificha.

Lisemwalo lipo. Nyumba nzima ikapata ushahidi iliokuwa ikiusubiri.

Kwenye foleni ya duka la kaya tulikuwa na utaratibu wetu. Hukai pale tangu alfajiri hadi mchana, una watoto, una kazi. Unaweka jiwe lako, kila mtu analijua la mwenzake, na wakisogea wanalisogeza na lako. Jiwe la mama lilikuwa kipande cha tofali chekundu. Siku moja tuliporudi kulifuata tulilikuta limetupwa mtaroni. Mama akauliza, "Jamani, nani katoa jiwe langu?" Waliokuwa wakimjua waliangalia mbele kama vile dukani kuna sinema. Mwisho mwanamke mmoja nisiyemfahamu akasema, "Wewe, kwa mwili huo, foleni ya nini?" Tukaenda nyumbani na kikapu kitupu.

Mchana wake nikabeba bakuli letu, ugali kidogo na mchicha, kupeleka uani kwenye sinia. Nakumbuka jua lilivyokuwa kali, nakumbuka nzi. Mama Hidaya aliponiona akachukua kawa akafunika sinia.

"Shikamoo Mama Hidaya."

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. "Rudisha ndani. Kula na mama yako. Ninyi mna chakula chenu."

Nikasimama pale nikidhani nimekosea saa. Hidaya alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Nikarudi. Tangu siku hiyo nilikula chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa nusu, nikiwasikia wenzangu wakigombea ukoko na kutukanana kwa raha zao. Enyi mliokulia katika nyumba za watu wengi, mnajua: kula peke yako si kula. Tonge lilikuwa halishuki. Niliomba maji, niliomba maji, mpaka mama akaniuliza kama nina homa.

Hata mjumbe wa nyumba kumi alikuja. Mzee wa watu, kofia mkononi, aliona haya kuliko sisi. Alisema ameletewa taarifa ya bidhaa zilizofichwa, na kazi ni kazi. Wanawake wakajaa mlangoni, Mama Hidaya mbele yao. Wakaangalia chini ya kitanda, wakafunua ndoo, wakafungua kisanduku cha cherehani. Walipata vifungo, vibonge vya mti vilivyokwisha uzi, vitambaa vya wateja. Na karatasi iliyofungiwa vidonge vyake.

"Hii nini?" mjumbe akauliza.

"Dawa ya viungo, mzee."

"Dawa ya viungo ndiyo inanenepesha?" akasema mmoja kutoka ukumbini, na kicheko kikaenda mpaka barazani.

Mjumbe akarudisha karatasi pale ilipokuwa, akasema, "Hapa hamna kitu," akaondoka. Unadhani yakaisha? Wapi! Kutokuonekana kitu kukawa ndiyo ushahidi mkubwa zaidi. Kaficha kwa bwana, wakasema. Ana bwana mlanguzi, analishwa huko. Wateja wa cherehani wakapungua, maana nani anataka kuonekana kibarazani kwa mlanguzi? Na mafuta ya ufuta hayakuja tena alasiri. Mama hakuwa anayahitaji, vidole vilikuwa vizima, lakini kila alasiri alitandika mkeka, akakaa, akakunja mikono mapajani, halafu akaukunja mkeka.

Mimi nikapata watoto wengine. Vile vibonge vitupu vya uzi nilivipanga sakafuni kuzunguka bakuli langu na kuvipa majina ya wenzangu. Huyu Hidaya, huyu Juma, huyu Mwanaidi. Nikawa navilisha. Sikuona ajabu, ilikuwa ndiyo kampani yangu. Siku moja nilikuwa nakipiga kibonge kimoja mkono, namwambia, "Hidaya! Usile kwa pupa, tuachie na sisi," nikageuka nikamkuta mama amesimama mlangoni na kitambaa cha mteja mkononi. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Alikuja akakaa chini karibu yangu, akachukua tonge dogo, akakilisha kibonge kilichokuwa Juma. Kisha akatoka nje.

Kesho yake asubuhi nikamwona amechukua mkasi wa kukatia nguo na kukata kidonge nusu.

"Mbona unakikata, mama?"

"Naendelea vizuri. Dawa ni ya mgonjwa."

Baada ya muda akawa anakunywa leo, kesho anaacha. Halafu sikuona tena karatasi. Nami nikafurahi, nikajua sasa kapona kabisa. Vidole vikaanza kurudi kwenye ukaidi wao, akawa anavificha ndani ya kanga. Ila uso, Mungu wangu, uso ukaanza kupungua. Mashavu yakashuka, macho yakafunguka, mifupa ya shingo ikaonekana kama ya wengine. Na kadiri alivyokonda, ndivyo nyumba ilivyolainika. Kwanza salamu zikarefuka. Kisha mtu akamwazima kifuu cha moto. Kisha Mama Hidaya mwenyewe akasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni.

"Shoga! Sasa nakuona. Ile sura ilikuwa si yako."

"Nimerudi," mama akasema.

"Karibu, basi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sasa tutajuana." Na akacheka kile kicheko chake kikubwa, na mama akacheka, akiwa ameshika ukuta. Wote walidhani bwana mlanguzi amemwacha.

Mchana ule nikapeleka bakuli uani na sinia halikufunikwa kawa. Hidaya akasogea, akaacha nafasi kati yake na ukuta. Tulikula, tukagombana, tukatukanana. Nilipogeuka nilimwona mama kwenye mlango wa ukumbi, kaegemea fremu, ananitazama ninavyokula. Nikampungia mkono wenye mchuzi. Katika siku zote za utoto wangu, hiyo ndiyo nakumbuka kuwa niliona dunia imekamilika.

Halafu yakapita mafua. Mafua ya kawaida, yale ya kila mwaka, yanaingia nyumba na kupiga wote. Watoto tuliumwa, tukaamka. Mama Hidaya aliumwa, akaamka anatukana. Mama yangu hakuamka. Alitapika kila alichopewa, hata maji. Ngozi ikawa ya baridi. Akijaribu kukaa, macho yanageuka. Nilimwita Mama Hidaya kwa sauti ambayo sikujua ninayo, akaja mbio, akapeleka mikono yake chini ya mama kumwinua, na akasimama ghafla.

"Mbona mwepesi hivi?" akasema. Akafunua kanga. Akaangalia mikono ya mama, mapaja ya mama, yamebaki mifupa na ngozi. "Mbona mwepesi hivi, Mama Zuhura? Hivi vitu ulivyokuwa unakula vilikuwa vinakwenda wapi?"

Alimbeba mwenyewe mpaka nje, akamzuia mtu wa mkokoteni wa magunia, akamwamuru ashushe mzigo wa watu. Tukamlaza mama juu ya magunia matupu na kumsukuma hospitali, Mama Hidaya akikimbia pembeni kamshika kichwa, akipigia watu kelele watupishe.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama Hidaya daktari alipokuja. Alikuwa yule yule aliyempa vidonge. Alimpima, akauliza, "Ameacha dawa lini?"

"Dawa gani, baba?" Mama Hidaya akasema.

"Vidonge vya viungo. Nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe asiache hata siku moja. Mwili ukishazoea dawa ile, huacha kujitengenezea ya kwake. Ukiiacha, mafua tu yanatosha kukuangusha."

"Lakini ilikuwa inamnenepesha..."

"Hakunenepa, mama. Dawa ndiyo inajaza uso. Mtazame mwili."

Mama Hidaya akakaa chini pale pale sakafuni, miguu mbele, kama mtoto. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anajipigapiga kifua kwa ngumi, taratibu. Mimi bado nilikuwa sielewi. Nilielewa tu kwamba kuna neno limesemwa ambalo mama alikuwa amelisema kwao wote, uani, mchana kweupe, na wakacheka.

Wakamtundikia maji, wakampa sindano. Kuna wakati alifungua macho akanitambua. Akaniita kwa mkono nikasogeza sikio.

"Mama Hidaya yupo?"

"Yupo. Yuko nje."

"Anasemaje?"

Nikasema lile nililolisikia. "Anasema umekonda, mama."

Akatabasamu. Wallahi alitabasamu, na uso wake ulikuwa mdogo, uso wake ule wa zamani. "Basi vizuri," akasema. "Utakuwa na wa kula nao."

Alikufa siku ya pili, adhuhuri. Nyumba ikajaa watu kama sijawahi kuiona imejaa, mpaka barazani, mpaka barabarani. Wanawake wote wa foleni walikuja. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho, unga uliofichwa, mchele uliofichwa, sukari ambayo haikuwepo mjini ikatokea kwenye mafundo ya kanga. Nilipishana nao ukumbini bila kujua nikae wapi. Nikaenda chumbani kwetu, nikakaa karibu na cherehani, mlango nimeufunga nusu.

Wanaume walipotoka makaburini Mama Hidaya akausukuma mlango. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imemkauka.

"Zuhura," akasema, "njoo ule na wenzako."

Nikainuka, nikaenda uani. Wakasogea wote, wakanipa nafasi kubwa kuliko ninayoihitaji, na hakuna aliyeanza mpaka nilipotia mkono. Ulikuwa wali, wa nazi, wenye nyama. Nilikuwa na njaa sana. Nikala.